Mikono Iliyoitwa Kwa Mathias

Siku ya kwanza mikono ya Mzee Mwishehe kuitwa ilikuwa Jumamosi, saa ya chai. Alikuwa amekaa mkekani barazani kwake, Kibuta ya Kisarawe, kikombe mkono wa kulia, kipande cha muhogo wa kuchemsha mkono wa kushoto. Akakiweka kikombe chini, akaurudisha muhogo kwenye sahani, akaanza kupiga magoti yake kama mtu apigaye ngoma. Alipiga mdundiko, tena ule wa ujana wake, mkono wa kushoto ukitangulia, wa kulia ukijibu. Mkewe, Mwanaamina, akakisogeza kikombe kisimwagike, akaendelea kuchambua mchicha.

"Chai inapoa," alisema.

"Naiona. Mikono haipo."

Mwanaamina hakubisha. Mikono ilikuwa pale pale magotini, mpita njia yeyote angeiona, lakini yeye aliishi nayo tangu nywele zake nyeusi, akijua ikiwepo inakuwaje na isipokuwepo inakuwaje. Akamnywesha chai, akamlisha muhogo kwa kumega. Adhuhuri mikono ikarudi. Mzee akavikunja vidole, akavikunjua, akaenda kutia udhu.

Kesho yake ikaitwa tena. Baada ya hapo ikawa kama mgeni aliyeizoea nyumba: asubuhi inakwenda, adhuhuri inarudi, na mwisho wa wiki inakwenda tena jioni. Huko ilikokuwa ilipiga kipande kimoja tu cha ngoma, kifupi, na kila kikikaribia mwisho kinaanza upya. Shehe wa msikitini alipoulizwa alisema mzee asali kama asalivyo mgonjwa, kwa nia na kwa kuinamisha kichwa. Zubeda, dada yake mzee aliyemfuata kwa kuzaliwa, alifika na gunia la kunde zilizokauka, akalibwaga mbele ya kaka yake.

"Kaka, mikono inapiga bure. Si ipure kunde?"

"Huyu si mashine, wifi," alisema Mwanaamina.

"Nani kasema mashine? Mimi nimesema kunde."

"Lisogeze," alisema Mzee Mwishehe. "Angalau nione nimefanya nini leo."

Kunde zikapurwa vizuri mpaka zikaisha. Zubeda akapepeta, akawaachia kibaba, akaondoka. Viganja vya mzee vikavimba. Kila jioni Mwanaamina alivisugua kwa mafuta ya nazi, naye mzee anatazama pembeni kama mtoto anayechomwa sindano.

Kilichomkata maini Mwanaamina hakikuwa uvimbe. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, alikuwako mwali. Naila, mjukuu wao, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuwekwa ndani, kama walivyowekwa mama yake na bibi yake. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Siku ile ile Mzee Mwishehe alimpokea mtoto kwenye kanga, akasema siku ya kumtoa nje mwali huyu hatapiga ngoma mtu mwingine. Ndiyo nadhiri pekee aliyopata kuiweka. Ngoma yenyewe alikwisha kuiwamba ngozi mpya ya mbuzi, akaitundika juu ya mlango wa Naila, na mdundo wa siku hiyo aliutunga yeye mwenyewe, wenye mwanzo wake na mwisho wake. Siku ilikuwa imeshapangwa. Sasa mikono ikawa si yake.

Mwana wao wa kiume, Hussen, alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja huko Zegereni, Kibaha. Asubuhi moja akapiga simu.

"Mama, shikamoo. Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko hapa barazani."

"Mbona namsikia huku?"

"Huko wapi?"

"Kwa Mathias, hapa barabarani. Kuna duka la nguo wameweka DJ. Nimesimama mbele ya spika. Sikiliza."

Akaielekeza simu kwenye spika. Mwanaamina akaiweka yake juu ya mkeka, karibu na magoti ya mumewe. Ngoma ya kwenye simu na ngoma ya magotini zilikuwa moja, haikutangulia hii wala ile. Mzee Mwishehe akainamisha sikio.

"Ni mimi huyo," alisema. "Ni ile sahani ya santuri."

Zamani, kabla hawajapata mtoto hata mmoja, bendi moja ya dansi kutoka mjini ilikuja Kisarawe kutafuta mpiga mdundiko. Wakampeleka studio Dar es Salaam. Katikati ya wimbo wao magitaa yalinyamaza, matarumbeta yakanyamaza, Mwishehe akabaki peke yake na ngoma, kwa kitambo cha mtu kuvuka ua. Halafu magitaa yakaingia na kumpokea. Walimrudisha nyumbani na soda ya chungwa tumboni na doti ya kanga kwa ajili ya mkewe. Kanga ilichakaa zamani. Sahani yenyewe hawakuwahi kuwa nayo, maana hawakuwa na mashine ya kuipigia.

"Basi huko kwenye simu ndiko unakokwenda kila siku," alisema Mwanaamina.

"Ndiko. Na kupiga hakunichoshi, mke wangu, nimepiga ngoma usiku kucha nikaenda shamba asubuhi. Kinachonichosha ni kutofika. Wenzangu nawasikia kabisa, wameshika magitaa, wananingoja niingie. Nikitaka kuweka mguu tu, navutwa nyuma nianze tena."

Siku ya pili yake Mwanaamina akajitanda kanga, akatoka. Alishuka Kwa Mathias jua likiwa kali, mabasi ya bara yanapiga honi, wauza machungwa wanakimbilia madirisha. Hakuuliza njia. Aliufuata mdundo wa mumewe mpaka mbele ya duka la nguo, akamkuta kijana mwembamba ana mashine mbili za santuri mezani, na kwenye kila mashine sahani nyeusi. Vijana wa pale walimwita DJ Badru.

Mwanaamina akasimama pembeni, akamwangalia anavyofanya kazi. Sahani mbili zilikuwa za wimbo mmoja. Moja ikiwa inalia, Badru anaivuta ya pili kinyumenyume kwa vidole, hedifoni sikio moja, mpaka alama ya chaki aliyoichora inarudi mahali pake. Ya kwanza ikikaribia kumaliza ngoma anaiachia ya pili, kisha anaivuta ile ya kwanza. Kitambo cha kuvuka ua kikawa kirefu kama barabara ya Morogoro. Vijana walikuwa wanacheza mpaka vumbi linasimama, na kila sahani ikivutwa wanapiga kelele: "Rudisha! Rudisha!"

Badru alipoweka wimbo mwingine apate maji, akamwona.

"Shikamoo bibi. Karibu, madera yako ndani, ya kila rangi."

"Marahaba, baba. Sikufuata madera. Nimemfuata mume wangu."

"Nani, bibi? Fundi cherehani?"

"Huyo unayemvuta vuta hapo mezani."

Badru akaitazama sahani, akamtazama bibi. Akavuta stuli, akaipangusa vumbi kwa fulana, akamkalisha. Akaigeuza sahani na kumsomea karatasi yake ya katikati: jina la bendi, jina la wimbo, jina la kiongozi wa bendi.

"Mpiga ngoma hayupo, bibi."

"Yupo. Mbona unamsikia?"

"Nasema jina."

"Jina anaitwa Mwishehe. Yuko Kibuta, kavimba viganja."

Badru akaiweka sahani chini. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Akasema pole, akamwomba bibi amfikishie mzee pole yake, halafu akamweleza, maana aliona ana haki ya kujua. Sahani moja aliikuta kwenye ukumbi uliofungwa wa kiwanda cha zamani. Ya pili aliipata Mlandizi, kwa mama mmoja aliyekuwa anafunikia mtungi. Na hii kazi ya sahani mbili hakuibuni yeye. Ilianza Marekani, New York, kwenye mtaa wa watu wa hali ya chini, miaka ile ile ya bendi zetu za dansi. Kijana mmoja mzaliwa wa Jamaika alikuwa anapiga santuri kwenye sherehe, akaona wachezaji hawahangaiki na kuimba, wanangoja pale vyombo vinapokaa kimya na ngoma inabaki yenyewe. Wakifika hapo wanapagawa, na hapo penyewe hapadumu. Akatafuta sahani mbili za wimbo mmoja, akapadumisha. Akaja mwingine akaanza kuchora alama juu ya sahani ajue pa kurudia. Akaja mwingine, kijana mdogo, yuko chumbani anapiga muziki, mama yake akaja kumgombeza kwa kelele, naye kijana akaishika sahani kwa mkono isimame. Mkono ukatikisika, sahani ikakwaruza, akapenda ilivyolia.

"Na huyo mama yake akamwacha hivi hivi?" aliuliza Mwanaamina.

"Ndiyo ikawa kazi, bibi. Dunia nzima sasa."

"Na wale wapiga ngoma wa kwenye hizo sahani za Marekani, wao mikono yao ilikuwaje?"

Badru akafikiri. "Hiyo sijapata kuisikia."

Mwanaamina akamwambia shida yake. Amwache mzee afike. Aiache sahani iendelee mpaka magitaa yaingie, mzee apumzike, mara moja moja tu. Badru akasema hilo dogo, hata sasa hivi. Akairudia ile sahani, ngoma ikalia, akakunja mikono kifuani asiiguse. Ngoma ikaisha, magitaa yakaingia, laini, na sauti ya mwanamume ikaanza kuimba habari za barua isiyojibiwa. Mwanaamina alikuwa hajausikia wimbo ule tangu ujana. Alifumba macho.

Vijana wakasimama. Mmoja akapiga mluzi.

"Oya DJ, umelala?"

"Hiyo ya mazishini ya nani? Rudisha pale pale!"

Chupa ya maji ikapita juu ya meza. Mwenye duka akatoka mlangoni, akatazama wateja wanaoanza kutawanyika, akamtazama Badru. Badru akaupeleka mkono kwenye sahani, akaivuta. Vijana wakashangilia.

"Umeona, bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi mwenyewe nampenda mzee wako kuliko huyo mwimbaji. Lakini wanapataka pale tu."

Siku ya Naila, je? Mwanaamina akamtajia Jumamosi yenyewe. Badru akasikitika. Jumamosi hiyo kulikuwa na sherehe ya wafanyakazi Zegereni, ameshakubali, na walichomwitia ni kipande kile kile.

Mwanaamina aliporudi Kibuta mzee alimpokea akiwa anacheka.

"Mchana nilifika," alisema. "Nilifika kabisa. Nikakaa na wenzangu, yule mpiga gitaa mrefu akanisogezea kiti. Sijui ilikuwaje."

"Ilitokea tu," alisema Mwanaamina, akaenda kutafuta mafuta ya nazi.

Siku zilivyosogea Badru akazidi ufundi. Alijifunza kukwaruza, na vidole vya mzee vikawa vinakwaruza mkeka mbele na nyuma mpaka ukili ukatoboka. Naila, nyuma ya pazia, alisikia yote. Mwali haongei kwa sauti, lakini jioni moja bibi yake alipompelekea uji alinong'ona:

"Bibi, babu ataweza?"

"Kunywa uji."

Hussen ndiye aliyekuja na shauri. Alifika nyumbani ana furaha, kama mtu aliyepata ufumbuzi, akakaa baina ya wazazi wake.

"Tumwite Badru sisi. Aje apige muziki hapa hapa, kwenye shughuli yetu. Akiwa hapa, Zegereni hayupo. Atapiga nyimbo nyingine zote, mwali akitoka anazima, baba anashika ngoma yake. Nimeshaongea naye, na wale wa Zegereni wamesogeza siku yao."

"Naye kakubali kuzima?" aliuliza Mwanaamina.

"Kakubali kwa mdomo wake. Tena kasema itakuwa heshima kumwona mzee."

Mzee Mwishehe akaupapasa mkeka uliotoboka. "Mtu akiazima jembe lako," alisema, "ukimwita aje alime kwako, jembe linakuwa limerudi?"

"Baba, hapa si jembe. Hapa ni spika."

Wakakubaliana hivyo.

Jumamosi ikafika bila mawingu. Uwanja ukafagiliwa, turubai likasimikwa, masufuria ya pilau yakapandishwa mekoni. Badru alishusha spika zake, kila moja kimo cha mtu, akamfuata mzee na kumwinamia.

"Shikamoo babu. Ni mimi."

"Marahaba. Nakujua kwa mkono," alisema Mzee Mwishehe. "Unaharakisha unapoachia. Tulia."

"Nimesikia, babu."

Badru akapiga taarabu, akapiga singeli, akapiga nyimbo za harusi. Kile kipande hakukigusa, na tangu alfajiri mikono ilikuwa nyumbani. Mzee aliitumia kwa kila kitu. Alijifunga msuli mwenyewe, akala pilau kwa mkono wake, akawasha makuti makavu akaiotesha ngoma moto mpaka ngozi ikakaza na kutoa sauti anayoitaka. Mwanaamina alimtazama akivikunja vidole na kuvikunjua bila sababu. Ilipokaribia alasiri wanawake wakaanza kuimba ndani, na Zubeda, aliyekuwa somo wa mwali, mwenye kumfunda, akatokeza mlangoni kusema mwali yuko tayari. Badru akazima muziki kama alivyoahidi.

Mzee Mwishehe akaibana ngoma katikati ya magoti, akaanza ule mdundo aliomtungia Naila. Ulianza pole pole, kama mtu anayebisha hodi kwa watu anaowaheshimu. Waliokuwa karibu walisikia. Waliokuwa turubaini wakageuza shingo.

"Vipi, umeme umekatika?"

"DJ, kulikoni? Mwali anatoka kimya kimya kama mgonjwa?"

"Hatusikii huku!"

Zubeda akatazama uwanja, akamtazama kaka yake. Alimpenda kaka yake. Hakutaka aonekane mnyonge siku kama ile, mbele ya watu waliotoka mpaka Mlandizi. Akamwendea Badru na kumsemesha sikioni, naye Badru akatikisa kichwa kukataa, akamnyoshea kidole Hussen. Hussen akaitwa. Wakashauriana.

"Weka ile yake," alisema Zubeda kwa sauti, watu wote wakasikia. "Ile ya kaka. Si ni yeye huyo huyo? Tena kwenye spika itafika mpaka barabarani, wajue mwali huyu katolewa na babu yake!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwanaamina alikwishainuka kwenye mkeka, anapita baina ya watu, anasema hapana, hapana jamani, lakini vigelegele ni vigelegele. Badru alimwona. Alimtazama kwa uso wa mtu anayeomba radhi kabla.

"Bibi," alisema, "wenye shughuli ndio wanataka."

Akaiachia sahani.

Mikono ya Mzee Mwishehe ikaacha mdundo wa Naila katikati, ikahamia kule. Ngoma ilikuwa imebanwa magotini mwake, ngozi bado ina moto wa makuti, na mikono ikaipiga hiyo hiyo, ila kilichopigwa kilikuwa cha zamani, kitambo cha kuvuka ua, na hakuna aliyeweza kusikia pigo lake moja mbele ya spika zile. Mwali akatolewa akiwa amekaa mabegani mwa shangazi mmoja mwenye nguvu, kafunikwa kanga mpya, macho chini kama alivyofundishwa. Uwanja mzima ukaingia kucheza. Hussen alicheza mpaka kofia ikamwanguka. Wakamzungusha mwali mzunguko wa kwanza, wakaona bado ngoma ipo, wakamzungusha tena, na Zubeda alikuwa anawaambia watu mnaona, mnaona, angekuwa anapiga kwa nguvu zake si angeshachoka?

Wakati wa kupita mbele ya babu yake, Naila alisema kitu chini ya kanga. Mwanaamina aliona kitambaa kikitikisika mdomoni. Shangazi aliyembeba alidhani mwali anataka maji, akaongeza mwendo.

Mwanaamina akarudi akakaa nyuma ya mumewe. Alimfuta jasho la usoni kwa ncha ya kanga yake, na kwenye ngozi mpya ya mbuzi akaona alama nyekundu za vidole zimeanza kutokea.

"Umefika wapi?" alimuuliza.

"Mlangoni," alisema mzee. "Wameshanyanyua magitaa."

Kijana mmoja mgeni, mwenye adabu, aliyekuwa anawapiga picha kwa simu, akachuchumaa mbele yao. Alitazama mikono ya mzee kwa muda, akatazama spika, akatabasamu.

"Shikamoo babu. Hongera. Kwa umri wako unajitahidi sana kumfuata DJ, hujaachwa hata kidogo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Mwishehe. "Nashukuru."

Mezani, Badru akaivuta sahani.